Shingo ya Gita Lako Imepata Bodi Nyingine

Kaka yangu Eraste,

Nianze na habari mbaya, maana wewe hukupenda mtu azunguke mbuyu. Shingo ya gita lako imefungwa kwenye bodi ya gita la watu wengine. Skrubu nimezikaza mimi, kwa mikono yangu, na Mama ndiye aliyeishikilia. Ungekuwapo najua ungenirushia kandambili. Lakini ungekuwapo nisingeandika barua hii, na shingo isingehitaji bodi nyingine.

Ninaandika nikiwa kambini. Tumeondoka Ujiji. Huku hakuna ziwa. Ukisimama mlangoni unaona maturubai, vumbi jekundu na vilima vilivyokatwa miti, na upepo unaleta moshi wa kuni mbichi badala ya harufu ya dagaa. Mama amelala upande wa pili wa pazia, anakohoa, lakini yuko hapa. Miaka yote alikataa kuja, na sababu ya kukataa ilikuwa wewe. Nataka nikueleze ilivyokuwa mpaka akakubali, kwa sababu naona ni haki yako kujua.

Unakumbuka baraza letu kule Rumonge? Ulikuwa fundi wa redio, na redio za watu zilipokwisha mikono yako haikujua kutulia. Waunda boti walikupa kipande cha mvule kilichobaki kwenye ubavu wa boti. Ukachora umbo juu yake kwa mkaa, ukakata kwa msumeno wa kuazima, na kwa muda mrefu nyumba nzima ilikohoa vumbi la mvule. Shingo hukuiunda, na hukuwahi kumdanganya mtu kwamba uliiunda. "Bodi anaweza kuchonga yeyote mwenye patasi," ulisema. "Shingo inataka kiwanda." Uliipata kwenye gita lililokanyagwa na gari huko Bujumbura. Bodi yake ilikuwa imekuwa kuni, shingo iko salama kana kwamba siku ile haikuwapo.

Siku ya kuifunga ulinifanya mimi jiriwa ya kubana mbao. Ulisema nina mikono ya kutwanga mihogo, sasa itumike kwa jambo la maana. Nikaikandamiza shingo ndani ya kishimo ulichochimba kwenye bodi, wewe ukawa unanieleza kazi ambayo sikuwa nimeiuliza. Kwamba shingo ya aina hii haigundishwi. Inakalia kishimo chake, halafu skrubu nne zinatokea mgongoni, zinapita kwenye kisahani cha chuma, zinapenya bodi na kuuma kisigino cha shingo. Kwamba matundu ya bodi lazima yawe mapana, skrubu ipite bila kushika, na ya shingo yawe membamba ili ishike huko tu.

"Wengi wanakosea hapo, Goreti. Wanataka skrubu ishike kote kote. Ikishika kote, vitu viwili havikutani hata ukaze vipi."

Ulipaka kila skrubu sabuni ya kufulia ya Mama ili iingie bila kupasua mti. Kabla ya kukaza ulivuta nyuzi mbili tu, ya juu kabisa na ya chini kabisa, ukafumba jicho moja ukaangalia kama zinapita sawa na kingo za shingo. "Kushoto. Umezidi. Rudi. Wewe mtoto, nimesema rudi." Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kisha ukakaza kidogo hapa, kidogo kule kwa kukingamiza, ukirudi tena na tena, na mimi nikasikia shingo inajituliza kwenye kishimo mpaka hapakuwa na nafasi ya hata ukucha kupita.

Ukaliunganisha na redio kubwa ya mteja mmoja ambaye hakujua redio yake inatumikaje. Ulipopiga, kuku walikimbia. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hii kelele ndiyo imenimalizia sabuni?"

Uliendelea kupiga. Naye akasimama pale pale, amekunja uso, mpaka maharage yakaungua. Tulikula maharage yenye harufu ya moshi siku ile, na hakuna aliyelalamika.

Sasa nikukumbushe sheria ya Mama, ingawa hukuisahau, maana ndiyo iliyotutenga. Vita vya kwanza vilimkuta msichana mdogo. Ndugu zake wote walipanda boti moja kukimbia. Yeye alikuwa na surua, shangazi akabaki naye pwani ili asiwaambukize watoto wengine, wakasema watafuata. Boti ile ilizama na wote waliokuwa ndani yake. Tangu hapo Mama hakuweka nyumba yake ndani ya chombo kimoja. Tukienda harusini ng'ambo ya ghuba, alitugawa. Sufuria ilipanda huku, kifuniko kule. Watu wa Rumonge walicheka, wakasema mke wa marehemu Karoli anasafirisha familia kwa rejareja. Sisi tulicheka nao.

Vita vya pili vilipotufikia hatukucheka. Ilikuwa asubuhi, milio inatoka mlimani, watu wamejaa ufukweni na mabunda yao, boti mbili zinapakia. Mama alitugawa kama kawaida: mimi na yeye boti ya kwanza, wewe ya pili. Akaliona gita mgongoni kwako, akasema nalo ligawanywe. Ulichuchumaa mchangani, ukatoa bisibisi, ukalifungua pale pale huku watu wanakuruka. Ulinipa shingo, nikaifunga kwenye kitenge. Bodi ukabaki nayo. Skrubu nne na kisahani chake ukavitia mfuko wa shati, ukafunga kifungo.

"Bila mimi hiyo ni mwiko tu," ulisema. "Songea ugali mpaka nifike."

Nilikasirika. Niliona si saa ya utani. Nikasukumwa mbele kabisa ya boti, katikati ya magunia, uso umeelekea majini, na sikuona tena kilichotokea nyuma yangu. Boti yetu iliondoka kwanza.

Sisi tulifika Kibirizi tumelowa, tunatetemeka, hai. Tukakaa pale ufukweni kungoja boti ya pili. Ikaja boti nyingine, na nyingine, za watu wengine. Ya kwenu haikuja. Upepo ulikuwa umebadilika mchana ule, na hakuna mvuvi aliyekuwa tayari kutuambia anachofikiri.

Baadaye zikaanza habari. Mmoja alikuona Uvira ukiuza betri. Mwingine akaapa uko Kalemie, umeoa. Wa tatu alikusikia ukipiga gita baa ya Mpulungu, mwisho kabisa wa ziwa. Kama ulikuwa kote huko, Eraste, basi ulisafiri kuliko samaki. Kila habari ilimnyanyua Mama, akapika chakula kizima, akaoga, akavaa kitambaa safi kichwani. Habari ikiisha nguvu alirudi chini zaidi ya pale alipokuwa. Mimi ndiye niliyekuwa namwangalia akirudi chini.

Malori ya kwenda kambini yalipokuja mara ya kwanza alikataa kupanda. "Akija atatukuta wapi? Huko porini atatujuaje?" Tukabaki Ujiji. Bi Mwajuma, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa na nyumba karibu na ufuko, alitupa chumba cha uani. Mama akaanika dagaa wa watu kwa sababu kazi hiyo ilimruhusu kukaa ameelekea majini kutwa. Hakuwahi kwenda hata sokoni Mwanga. Kwenda Mwanga ni kulipa ziwa mgongo.

Na shingo yako aliiweka kwenye boriti juu ya kitanda chake. Kila Jumapili tukitoka misa aliishusha, akaifuta, akaipaka mawese kwa kiganja, taratibu, kuanzia kichwani mpaka kwenye kisigino, akisukuma mafuta ndani ya yale matundu manne kwa ncha ya kidole. "Mti ukikauka unapasuka," alisema. Ndivyo alivyofanya mpini wa jembe, ndivyo alivyotufanya sisi tulipokuwa wachanga. Nilimwangalia nikaona ni upendo, na ulikuwa upendo.

Wazee wa kwetu waliokuwa Ujiji walikuja siku moja kuzungumza naye. Walisema mtu asipopatikana, desturi ipo: unakatwa mgomba, unazikwa kwa jina lake, watu wanalia, wananyoa, wakati ukifika matanga yanaondolewa na nyumba inapumua. Walisema kwa adabu sana. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, kisha akasema, "Mimi sikuzaa mgomba."

Waliondoka bila kumaliza chai.

Bi Mwajuma naye alijaribu kwa njia yake. "Dada yangu, hata eda ina mwisho. Wewe umejifungia ndani ya eda isiyo na mwisho wala mwanzo." Mama akamjibu kwamba eda ni ya mume, na mtoto hana eda. Bi Mwajuma akaniangalia, akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchele wake.

Nikuambie ukweli, nilikuchukia wakati mwingine. Nilikuwa na kaka ambaye si maiti wala si mzima. Sikuruhusiwa kukulilia, maana kulia kungekuwa kukuua. Nikisema "Eraste alikuwa anapenda ndizi za kukaanga," Mama alinirekebisha hapo hapo: "Anapenda." Kijana mmoja wa Simbo alitaka kunioa, akangoja, akachoka. Harusi gani ifanyike kaka hajafika? Nilikuwa nazeeka nikiwa nimebeba kisu cha kukatia dagaa kichwa, na wewe uko njiani daima.

Kisha likaja tangazo. Wakimbizi wote wanaoishi mjini wahamie kambini, na siku ya lori ikatajwa. Safari hii haikuwa hiari. Tulikwisha ona msako uliopita, jirani yetu mmoja, mwanamke mtu mzima, akirushwa juu ya lori kama gunia la mihogo, akavunjika bega. Kifua cha Mama kilikuwa kibaya tayari, anatema damu kwenye kitambaa na kukificha. Nilijua akirushwa vile hatafika. Nikamwambia. Akasema, "Basi waniue hapa hapa, nikiwa namwangalia anakuja."

Hapo ndipo nilipomfikiria fundi Sadoki. Huyu ni Muha, ana karakana ndogo Mwanga nyuma ya mafundi cherehani, anatengeneza viti, spika, chochote kilichovunjika, na anapigia kwaya ya kanisa lao gita. Nilikuwa nimemwendea zamani kumuuliza kama ana skrubu za aina yetu, akataka kuiona shingo, nikaogopa kumpelekea. Sasa nilisikia gita la kwaya yake limeangukiwa na spika, shingo imekatika vipande viwili.

Nikamwambia Mama hivi: shingo hii ikienda kambini italiwa na mchwa au itaibwa. Tuiache kwa Sadoki aifunge kwenye gita la kanisa. Eraste akifika Kigoma, pa kwanza atakapokwenda ni palipo na gita. Ataiona shingo yake, atauliza, na Sadoki atamwambia tuko kambi gani. Itakuwa kibao cha njia.

Nilipokuwa namwambia sikujua kama naamini. Nafikiri nilitaka tu apande lori akiwa na miguu yake. Aliendelea kugeuza dagaa kwa kijiti. Mwisho akasema, "Ifungwe vizuri. Ana jicho kali."

Nikaipeleka. Sadoki aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto, akaipima kwenye kishimo cha bodi ya kanisa. Iliingia, imekaza kidogo tu, akasugua pembeni kwa msasa. Tatizo likawa matundu. Ya kisigino chetu yamekaa mbalimbali, ya bodi yao yamesogeleana, na hayakulingana hata moja.

"Tuyazibe ya zamani kwanza," alisema. "Tukitoboa mapya karibu na haya yaliyo wazi, skrubu itakimbilia humo humo kwenye tundu la zamani."

Nikamwambia nataka kufanya mwenyewe. Alinitazama, kisha akanipa kipande cha mninga na kisu. Nikachonga vijiti vinne, nikavitia gundi, nikavigonga ndani ya matundu yako, tukafunga kisigino kwa ukanda wa mpira wa baiskeli na kuacha kikauke.

Kesho yake nilikuta Sadoki amekaa na uso wa mtu mwenye habari. Alichukua koleo, akashika kijiti cha kwanza, kikatoka bila ubishi, kama jino la mtoto. Cha pili vivyo hivyo.

"Dada Goreti, samahani nikuulize. Hii shingo mlikuwa mnaipikia?"

Akanipa ninuse. Ilikuwa inanuka mawese, mafuta yamejaa mpaka ndani ya nyama ya mti. Gundi ilikuwa imeelea juu yake, haikushika popote. Kuta za matundu zilikuwa laini, ukikwangua kwa ukucha zinatoka kama ugali mbichi. Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka, kisha nikakaa chini.

Nyumbani nilijaribu kuficha. Mama akanisoma usoni, kama kawaida yake, nikasema. Asubuhi yake alifunga kitambaa, akachukua fimbo, akasema, "Twende kwa huyo fundi wako." Tukatoka Ujiji, yeye na fimbo, akipumzika kila penye kivuli, ziwa likibaki nyuma yetu. Hakugeuka kulitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nageuka.

"Mwakeye, mama. Shikamoo," Sadoki alimwamkia, akaondoa mbao kwenye kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe nilichoharibu."

Sadoki ni mtu mwenye adabu. Alianza kuzunguka, mara mti wa siku hizi, mara joto la Kigoma. Mama akamkatiza. "Nionyeshe." Basi akamwonyesha matundu. Mama akaingiza kidole kilekile alichozoea kupakia mafuta, unga laini wa mti ukatoka umeshikamana na ncha yake. Aliutazama muda mrefu.

"Nilikuwa naitunza," alisema.

"Umeitunza, mama. Ila mti huu ulitaka tu kuachwa mkavu."

"Na yule nilimtunza hivi hivi."

Nilidhani anaanza tena kuhusu mafuta. Lakini alikuwa hatuangalii sisi, anaangalia kidole chake.

"Hakutaka kwenda ile boti nyingine," alisema. "Goreti hakuona, alikuwa mbele. Mwanangu alikuja majini mpaka kifuani, akashika ukingo wa boti yetu. Akaniambia, Mama, leo tusigawanyike, nimeota vibaya. Nafasi ilikuwapo. Mwenye boti alisema apande. Mimi nikasema oya, hapana. Nikasema nyumba haipandi boti moja. Akawa bado ameshika. Nikambandua vidole. Kimoja kimoja, hivi."

Na akaonyesha, kwenye ukingo wa meza ya fundi, kwa mkono mmoja akibandua vidole vya mkono wake mwingine.

Eraste, sikujua. Miaka yote nilidhani anakungoja kwa matumaini, na mara nyingi nilimwona mjinga, Mungu anisamehe. Kumbe alikuwa hawezi kukuzika kwa sababu akikuzika anakuwa yeye ndiye aliyekutia majini. Nilitaka kumshika. Nilitaka pia kumpiga. Nilisimama tu pale na kijiti cha mninga mkononi, nalia bila sauti, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukulilia.

Sadoki alifanya jambo la busara: alirudi kazini. Alitia matundu petroli kwa pamba kuvuta mafuta, akaacha yakauke, kisha akanipa keke ya kutobolea na kusema nipanue mpaka nione mti mweupe usio na mafuta. Akafunga uzi kwenye ncha ya keke kunionyesha mwisho wa kina, nisije nikatokeza upande wa pili kwenye ubao wa vidole. Nikatoboa. Kwanza ulitoka unga mwekundu wenye harufu ya jikoni kwetu, baadaye mwekundu hafifu, mwisho mweupe. Tukachonga vijiti vipya, vinene zaidi, tukatia gundi, tukafunga mpira. Siku ile tuliondoka. Siku ya pili tulirudi, Mama naye, na koleo la Sadoki halikuweza kukitoa hata kimoja.

Tulivuta nyuzi mbili za pembeni tukaangalia kingo. Tukaweka alama, tukatoboa matundu mapya, membamba. Nikaomba sabuni. Nilipoanza kukaza, shingo ilikuwa inacheza, inahitaji mtu wa kuikandamiza. Sadoki akanyoosha mkono, lakini Mama alikuwa amekwisha ishika. Aliikandamiza kwa viganja vyote viwili, mishipa imemtoka, na kila nilipomwambia sasa unaweza kupumzika hakuachia. Nikakaza kidogo hapa, kidogo kule. Ikajituliza. Skrubu ya mwisho ilipogoma kuendelea nilimgusa bega, nikamwambia imeisha. Ndipo alipoachia.

Sadoki akamalizia nyuzi, akapachika waya kwenye redio yake, ikanguruma kidogo kuonyesha iko tayari. Akamwinamia Mama. "Nipige kidogo, mama, usikie?"

Mama akasema, "Leo halipigwi gita, mwanangu. Tuna msiba."

Sadoki akainama, akazima redio. Alivua kofia yake, akaenda kufunga mlango wa karakana katikati ya mchana, wateja wakiwa nje.

Habari ilikuwa imefika Ujiji kabla yetu, sijui Sadoki alimtuma nani. Bi Mwajuma alikuwa ameshatandika mikeka na kuinjika uji. Wale wazee wa mgomba walikuja, safari hii hawakushauri chochote, walikaa. Mama alilia jina lako kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na alikulilia kwa Kirundi, kama alivyokuita ulipokuwa mdogo. Mimi pia nililia kwa sauti, nikapiga ukuta, hakuna aliyenirekebisha. Bi Mwajuma alimnyoa kwa wembe, akamwosha kichwa, akamfunga kanga yake mwenyewe. Kichwa cha Mama ni kidogo sana bila nywele.

Lori lilipokuja alipanda kwa ngazi, taratibu, nikimshika kiuno. Hakurushwa. Njia nzima alikaa ameelekea mbele.

Huku kambini tulipanga foleni ya kuandikishwa. Kijana aliyekuwa mezani aliuliza jina, kijiji, umri, kisha akauliza ana watoto wangapi. Jibu lake nililijua, nimelisikia miaka yote: wawili, mmoja yuko njiani. Nikajiandaa kueleza, kama nilivyozoea, kwamba mama yangu amechoka.

Mama akasema, "Nilizaa wawili. Ninaye huyu."

Na akanishika mkono juu ya meza, mbele ya watu, akaubana mpaka ukauma.

Sasa ni mimi ninayebaki na shida, kaka. Yeye amevuka. Analala, anakula nusu bakuli, anaomba dawa za kifua mwenyewe. Mimi nikisikia mtu anapiga gita kwenye maturubai ya kule chini nasimama, na inabidi nijiambie kwamba si wewe. Hapa nilikuwa nimeandika mstari unaoanza na "kama bado", nikaufuta. Siwezi kumpa Mama tena neno hilo, na siwezi kukaa nalo peke yangu.

Kwa hiyo naaga, ambavyo pale ufukweni sikuaga, kwa hasira zangu. Nilikupenda. Ulale, Eraste.

Mdogo wako wa pekee,
Goreti